Chupa Isiyofungwa Gazeti

Karatasi ya ratiba iliyogawiwa siku ya mazishi yake ilieleza alikozaliwa, ukoo wake, shule alizofundisha na watoto aliowaacha. Hapo sina la kuongeza. Karatasi haikutaja mbuzi wala divai wala benchi la nyuma. Mtu aliyesoma karatasi ile peke yake hangeelewa kwa nini hapakuwa na mchungaji kaburini, wala kwa nini, tuliporudi kwake Buruburu kula, chupa sita tupu za divai nyekundu zilikuwa zimepangwa mbele ya sufuria, mahali ambapo kila aliyekuja na sahani ilimbidi azione.

Sisi majirani tulimwita Mwalimu. Alifundisha sayansi kimu mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu aliendelea kufundisha, ila sasa wanafunzi hatukuwa tumeomba. Mimi nilikuwa mmoja wao. Ninatunza stoo katika kiwanda cha rangi kule Industrial Area, na miaka ile mke wangu alikuwa akifanya kazi Kisumu, kwa hiyo nilijipikia. Jioni moja Mwalimu alipita mlangoni kwangu, akasimama, akanusa.

"Wewe mtu wa stoo," aliniita, "unachemsha nyama au unaiadhibu?"

Kesho yake nilikuwa jikoni kwake nikikata vitunguu, nami nikaendelea kuvikata kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja.

Kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa kupika bali kuchagua divai. Karibu na kituo cha mwisho cha matatu kuna duka la vinywaji lenye nondo mbele na kitundu cha kupitishia chupa. Mwalimu alifika pale saa tano asubuhi, kofia ya kanisa kichwani, kiondo begani, na ndani ya kiondo alikuwa na kijiko na kikombe cha plastiki. Wanaume wawili watatu walikuwa tayari wameegemea ukuta. Mwenye duka, mtu mnene mwenye sauti ya kuchoka, alimwona akaanza kucheka.

"Tichee! Leo nimekuwekea moto. Chukua hii, ni kali, inakata."

"Kali ndiyo sitaki. Nipe iliyo laini."

"Wateja wangu wote wanataka ikate."

"Wateja wako hawapiki. Fungua hiyo."

Alimimina kijiko kimoja, akakizungusha mdomoni, akakandamiza ulimi kwenye kaakaa, kisha akatema kwenye kikombe. Wanaume wa ukutani waliumia kuona.

"Mathe, unatema? Aki hayo ni madharau! Nipe mimi nikusaidie kumeza!"

"Wewe meza mate yako," alijibu bila kugeuka. "Hii inakamata. Lete nyingine."

Alikuwa na mapatano na mwenye duka. Chupa aliyoifungua ikashindwa, alimwachia na kuchukua nyingine, na ile iliyoshindwa iliuzwa kwa glasi kwa watu wa ukutani. Hakuna aliyelalamika.

Neno lake lilikuwa ukakasi. Alisema mtu yeyote anaujua: ni ule mkwaruzo unaobaki mdomoni baada ya ndizi mbichi, au chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni mpaka ikawa nyeusi. Divai nyekundu nyingi zinao. Kwa mnywaji si neno, lakini kwa mpishi ni hatari, kwa sababu maji ya divai huondoka na mvuke na ukakasi hauondoki. Chupa nzima ikipungua ikawa kikombe, ukakasi wa chupa nzima unabaki ndani ya kikombe. Kwa hiyo alikuwa na jaribio la pili nyumbani. Alichukua vijiko vinne, akavichemsha katika kisufuria kidogo mpaka vikabaki viwili, akaonja tena. Ikiwa bado inateleza mdomoni kama supu iliyopoa, aliitikia kwa kichwa mara moja, na hapo ndipo nilipoambiwa niwashe jiko. Niliyaandika yote haya katika daftari. Kwa miaka kumi na mmoja jaribio la pili lilikataa chupa saba ambazo la kwanza lilikuwa limezipitisha. Nilipomwonyesha hesabu hiyo alisema, "Saba. Basi ulimi unadanganyika," akaenda kuosha kijiko.

Nyama alinunua Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi, na hapo pia alienda kinyume na watu. Wengine walitaka mbuzi mdogo. Yeye alitaka aliyekula miaka yake, na katika mbuzi huyo alitaka bega na shingo.

"Mama, hiyo ni ngumu," mchinjaji alimwambia kila mara, kwa huruma ya kweli. "Chukua mguu. Wageni watakusema."

"Wageni wangu wana meno. Kata vipande vikubwa, usinikatie vya mtu mgonjwa."

Alikausha kila kipande kwa kitambaa. Alivikaanga vichache vichache katika mafuta ya moto sana mpaka vikawa na rangi ya kahawia pande zote, na nikijaribu kujaza sufuria alinipiga vidole kwa mwiko. Vitunguu vilikuja baadaye, polepole, kisha vitunguu saumu, karoti, nyanya moja tu, na tawi la rosmeri alilolivunja kwenye ua wa jirani bila kuomba. Halafu divai, theluthi mbili za chupa, sufuria wazi. Alisimama juu yake akinusa. Mwanzoni mvuke unachoma pua. Unafika wakati hauchomi tena, na kabla ya wakati huo hakuruhusu tone la maji liingie. Baada ya hapo maji ya moto, kifuniko, makaa machache, na saa mbili na nusu ambazo hakuna mtu aliyeruhusiwa kufunua. Chumvi ilikuwa ya mwisho.

Hakuwahi kumeza divai. Naliandika hili kwa sababu lilisemwa vinginevyo. Nilimwona akionja mara mamia na kila mara alitema, kisha alisukutua kwa maji. Nilipomuuliza sababu, alisema hapendi jinsi watu wanavyopenda kucheka wakiwa wamekunywa. Zaidi ya hapo hakueleza.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Chai yake aliitia sukari vijiko vinne, mtu huyohuyo aliyeweza kugundua karoti moja ya ziada kwenye sufuria ya watu hamsini. Alichukia vile viungo vya unga vya paketi, akaviita unga wa uongo, na mara moja alimtoa jikoni mama mmoja wa kwaya kwa kumkuta na paketi mfukoni. Siku moja nilipokuwa natafuta unga wa mahindi katika kabati lake, nikakuta paketi mbili za unga wa uongo nyuma ya debe. Nilizishika, nikamtazama.

"Za siku nikichoka," alisema. "Rudisha. Na usiandike."

Nimeandika. Nadhani angenitazama vibaya na kuniacha.

Kwa muda mrefu yeye ndiye aliyeongoza jiko la kanisa letu. Harusi, matanga, harambee, siku ya mavuno, sufuria zilikuwa zake. Wengine walichukua nafasi ya kwanza kwenye foleni kabla ya maombi kwisha. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mrefu aliyestaafu reli, alikuwa na desturi ya kurudi na sahani ya pili akisema ni ya mke wake, ingawa mke wake alikuwa ameketi mbele yetu akila yake. Kanisa letu linakataza kileo, hata Meza ya Bwana tunatumia sharubati ya zabibu. Mwalimu hakuficha chupa. Ilikaa ndani ya kiondo shingo ikiwa nje, naye akapita nayo mbele ya lango la kanisa mchana. Mimi nilipotumwa niliifunga gazeti. Aliniuliza mara moja kama chupa ilikuwa inasikia baridi.

Hakuna aliyemuuliza, na ndiyo sababu jambo lilikaa miaka yote hiyo. Kisha akaja mchungaji mpya. Siku ya kumkaribisha alikula sahani mbili, akafuta mdomo, akasimama mbele ya meza ya kina mama akiwa na furaha tele.

"Mama Mwalimu! Nyama hii mmeitia nini? Hebu tuambie siri, mke wangu asikie."

"Si siri, Mchungaji. Ni divai nyekundu. Sufuria hiyo ina chupa mbili."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale nikiwa na beseni la ugali. Mchungaji aliendelea kutabasamu kwa muda, kama mtu ambaye habari haijamfikia. Mwenyekiti alishusha sahani yake ya pili chini ya kiti.

Mimi na Mwalimu tuliitwa mbele ya wazee katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Walianza kwa upole. Mwenyekiti alisema hakuna anayetaka kumwumiza mama aliyelisha kanisa. Alichotakiwa ni kusimama Jumapili, aseme "nimekosa", na aache.

"Nimekosa nini?" aliuliza.

"Mama, umewalisha watu wa Mungu pombe."

"Uliona nani amelewa?"

Aliwatazama mmoja mmoja, akamrudia mwenyekiti.

"Wewe ulikula sahani mbili kila mara, Mzee. Ulipotea njia ya kwenda nyumbani?"

Mzee mmoja alikohoa ili asicheke. Mwalimu aliwaambia atapika sufuria mbili mbele yao, moja na divai na moja bila, wanuse mvuke, wajue kinachotoka na kinachobaki. Walikataa, kwa kuwa kunusa kungekuwa kujaribiwa. Walimweleza adhabu, ingawa aliijua. Asiyetubu huwekwa chini ya nidhamu. Huketi benchi la nyuma, hapokei Meza ya Bwana, na akifa katika hali hiyo kanisa halimziki.

Hilo la mwisho lilimgusa. Alikuwa amepikia matanga ya karibu kila nyumba ya kanisa lile, na mara nyingi nilimsikia akitaja nyimbo anazotaka ziimbwe kwenye mazishi yake, na nani asipewe nafasi ya kuongoza sauti ya tatu.

"Watu niliowadanganya ni wangapi?" aliuliza mwishowe. "Mmoja? Mchungaji aliniuliza, nikamjibu. Nikisimama Jumapili niseme nimekosa na moyoni sijakosa, huo ndio utakuwa uongo wangu wa kwanza hapa. Mniandike benchi la nyuma."

Kisha wakanigeukia mimi, niliyebeba chupa. Nikasema nimekosa. Nilirudia Jumapili mbele ya watu wote, na ilichukua muda mfupi kuliko kuosha sufuria moja. Nilirudishiwa Meza ya Bwana mwezi uleule.

Jumamosi iliyofuata nilikaribia kutokwenda. Nilikwenda. Alinipa kisu.

"Ulikosa nini?" aliuliza.

"Sijui, Mwalimu."

"Basi umetubu kosa la mtu mwingine. Kata kitunguu."

Hakulitaja tena kwa miaka sita, na mimi kila Jumamosi nilingoja alitaje.

Kuhusu benchi la nyuma, kanisa lilifanya hesabu mbaya. Walioketi pale walikuwa wasichana waliopata watoto kabla ya ndoa, fundi mmoja aliyeoa mke wa pili, na dereva aliyekamatwa akipigana. Kabla yake walikuwa wakiinamisha vichwa na kutoka kabla ya baraka. Mwalimu alikuja na mto wa kukalia, akawapangia sauti, na tangu siku hiyo nyimbo zilianza kusikika kutoka nyuma kuja mbele. Baada ya ibada aliwachukua wote kwake, akawalisha. Msichana mmoja kati yao sasa ana hoteli ya chakula karibu na Jogoo Road, na wateja wake hupanga foleni.

Jiko la kanisa lilipewa kina mama wengine, wapishi wazuri tu. Mwaka wa pili wa nidhamu ilitangazwa kwamba askofu atakuja siku ya mavuno, na kamati ikasikia kwamba askofu amesimuliwa sifa za ile nyama ya zamani. Kina mama walikuwa wameiona kwa miaka mingi. Walijua ilitiwa kitu chekundu chenye zabibu. Wakafikiri sana, wakapata jibu ambalo lilikuwa safi kwa dini na kwa macho. Walifungua kabati la vyombo vya ibada, wakatoa chupa nane za sharubati ya Meza ya Bwana, wakazimimina zote juu ya mbuzi.

Sharubati ile ni sukari tupu. Ilishika chini, ikaungua, na juu ikawa kama jemu. Nilikuwa mhudumu siku hiyo. Askofu alitafuna kipande cha kwanza kwa muda mrefu, akaweka mkono juu ya sahani, akaomba kachumbari. Akaomba kachumbari tena. Meza kuu yote ilikula kachumbari. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana, na kabati lilikuwa tupu.

Nilimsimulia Mwalimu nikidhani atacheka. Aliuliza walitumia sehemu gani ya mbuzi. Nilipomwambia ni mguu, alifunga macho. "Mguu," alisema. "Maskini."

Baada ya hapo mwenyekiti alikuja kwake na mzee mwingine. Nilikuwa jikoni, mlango ukiwa wazi. Walikunywa chai kwanza.

"Mwalimu, tumefikiri," mwenyekiti alisema. "Rudi jikoni. Wewe pika tu. Sisi hatutauliza umetia nini."

"Na benchi?"

"Taratibu, taratibu. Watu watasahau."

"Nitapika," alisema. Nilimsikia mwenyekiti akivuta pumzi. "Lakini chupa itakaa mezani, mbele ya sufuria. Mtoto akiuliza, ajibiwe. Asiyetaka, nitampikia maharagwe, nayo yatakuwa mazuri."

"Mwalimu, kwa nini unatuwekea ugumu? Tunakupa njia."

"Mnanipa mlango wa uani, Mzee. Mimi nilitolewa kwa mlango wa mbele. Ongeza chai?"

Hawakuongeza.

Mara ya mwisho nilipozungumza naye kwa kirefu ilikuwa Jumapili. Ugonjwa wa kifua ulikuwa umempitia, ukaondoka na pua yake. Alisema hawezi kunusa hata kitunguu kikiungua. Moyo nao ulikuwa umechoka na miguu ilivimba, kwa hiyo kwa mara ya kwanza hakwenda kwenye benchi lake. Nilimkuta ameketi karibu na dirisha. Mezani palikuwa na barua ya wazee, na juu ya barua bakuli la sukari. Walimwandikia kwamba hahitaji kusimama mbele ya watu tena. Atie sahihi tu chini ya mstari mmoja, na mchungaji angekuja nyumbani kumrudishia Meza ya Bwana, na mambo mengine yote yangekuwa sawa. Sisi wote tulijua mambo mengine ni yapi.

Nilikuwa nimeleta divai aliyoniagiza, nimeifunga gazeti kama kawaida yangu. Alilifungua gazeti, akalikunja na kuliweka chini ya paja.

"Onja," alisema.

Nilionja kijiko kimoja, nikatema. Iliteleza mwanzoni, kisha ikashika. Nilimtazama. Alikuwa amechoka, jiko lilikuwa tayari limewashwa, na duka lilikuwa mbali.

"Iko sawa, Mwalimu."

"Chemsha."

Nilichemsha vijiko vinne vikawa viwili, nikaonja tena, naye akinitazama uso. Mdomo wote ulikauka.

"Pua yangu imekufa," alisema. "Kuanzia leo napika kwa ulimi wako. Ulimi wako ukiwa mwoga, mimi nimekwisha. Nakuuliza tena."

"Inakamata, Mwalimu."

"Wapi?"

"Kwenye fizi, na nyuma ya meno. Ilikamata tangu kijiko cha kwanza."

Aliitikia kwa kichwa mara moja. Kisha aligusa ile barua kwa kidole.

"Hii sitii sahihi. Nikifa watakuja kwako, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa hapa kila Jumamosi. Watakuuliza kwa upole: Mwalimu alitubu mwishoni? Watataka useme ndiyo, ili waweze kunizika. Si watu wabaya. Watakuwa wanakuomba karibu kwa machozi. Utawaambia nini?"

Nilifikiria nyimbo alizotaka, na ile sauti ya tatu.

"Nitawaambia hapana."

"Na chakula?"

"Bega na shingo. Divai laini, majaribio mawili. Chupa mezani."

"Na maharagwe kwa asiyetaka."

"Na maharagwe."

"Basi hiyo irudishe," alisema, akielekeza kidevu kwenye chupa. "Ulete nyingine. Jiko linakula makaa bure."

Nilinyoosha mkono kuchukua gazeti.

"Gazeti acha. Nalisoma."

Hakuwa na miwani usoni. Nilichukua chupa kwa shingo, nikatoka.

Saa sita na nusu ibada hutoka. Nilijua hivyo nilipokuwa nafunga mlango wake, na njia ya kwenda dukani ni moja. Watu walikuwa wamejaa langoni, kina mama wa kwaya wakiwa bado na mavazi yao, na mwenyekiti amesimama mahali pake akipeana mikono. Aliuona mkono wangu kabla hajaniona uso. Wengine nao wakageuka mmoja mmoja.

"Ndugu," alisema kwa sauti ya chini, "umebeba nini hiyo?"

"Divai ya Mwalimu, Mzee."

Alitazama kulia na kushoto. "Si ungeifunga hata gazeti?"

"Haifai," nilimwambia. "Ina ukakasi. Naenda kuibadilisha, na nitarudi na nyingine kwa njia hiihii."

Nikapita katikati yao, chupa mkononi.